Ondoa Ukucha Kwenye Hiyo Selotepu

Marahaba, marahaba. Shikamoo zenu nimezipokea zote. Sasa kila mtu aondoe ukucha kwenye selotepu, ndipo tuongee.

Nawajua. Umefungua sanduku la babu, umekuta gazeti la zamani, au ramani, au picha ya timu ya kijiji iliyochapwa kwenye karatasi ngumu, na mtu fulani wa enzi hizo aliifunga selotepu katikati kama mgonjwa aliyevunjika mbavu. Selotepu imekuwa rangi ya chai ya rangi. Pembeni imejinyanyua kidogo, inakuita. Ukucha unawasha. Unavuta, inakuja vizuri, unafurahi, unavuta tena, halafu unaigeuza na kukuta imekuja na mdomo wa golikipa.

Mdomo wa golikipa haurudi. Hata ukilia.

Mimi kazi yangu ilikuwa hiyo, kutoa selotepu kwenye karatasi ambazo watu wanazipenda. Nikiwaambia watu kanisani wanadhani natania. Niliifanya mjini Singida, kwenye karakana ya kujalidi vitabu ya marehemu Mzee Lukasi, mpaka macho yakaanza kuniletea kila herufi na pacha wake, nikastaafu. Shule sikusoma sana. Nilifika pale wanapoanzisha desimali, desimali zikanitazama, na mimi nikazitazama, tukaachana kwa amani. Kwa hiyo usitegemee nikutajie majina ya madawa. Nitakutajia pasi, uji na jogoo. Jogoo nitamfikia.

Kwanza pasi, maana ndiyo iliyoniingiza kwenye karatasi. Nilikuwa napiga pasi nguo za wageni kwenye nyumba ya kulala wageni, pasi ya mkaa, ile nzito yenye kijogoo cha chuma pale mbele kwenye kifungio. Siku moja Mzee Lukasi akaleta koti lake jeusi la sufu. Koti jeusi ukilikosea joto linang'aa kama kikaango. Lake halikung'aa. Kesho yake akarudi bila koti.

"Binti, joto la pasi unalipimaje?"

"Naisogeza shavuni, Mzee."

"Inagusa?"

"Ingekuwa inagusa ningekuwa na uso huu?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Njoo kwangu. Nina wagonjwa wanataka joto la shavu."

Nikadhani ana wazazi wagonjwa. Nikaenda na ndimu na majani ya mwarobaini. Kumbe wagonjwa ni vyeti, ramani na vitabu vya nyimbo. Mwarobaini tuliuning'iniza mlangoni, ndimu tukanywea chai.

Mzee Lukasi kazi alijifunza Kilimatinde akiwa kijana, na alikuwa na masharti. Unanawa mikono kwa sabuni, unaikausha mpaka katikati ya vidole, halafu hugusi kitu. Unaangalia tu. Siku ya kwanza aliniweka mbele ya ramani yenye selotepu, asubuhi nzima.

"Unaona nini?"

"Selotepu, Mzee."

Akaenda, akarudi. "Sasa unaona nini?"

"Selotepu na njaa, Mzee."

"Njaa iko kwako. Angalia karatasi."

Nikaangalia mpaka nikaelewa anachotaka. Selotepu zinazeeka kama watu, kila moja kwa tabia yake. Ile kuukuu kabisa imeshakauka na kukakamaa, plastiki yake haijashika chochote, imekaa pale kwa mazoea tu. Hiyo hutaki hata joto. Unapitisha chini yake kitu chembamba butu, inajiachia yenyewe kama gamba la kidonda kilichopona. Doa la njano litabaki, kwa sababu gundi ilishakunywewa na karatasi. Doa usipigane nalo. Nimewaona watu waliopigana na doa, wakashinda, na badala ya doa wana tundu.

Ile ya makamo ndiyo yenye ubishi. Bado ina nguvu, bado inadhani ni kijana. Hiyo ndiyo inataka pasi. Unaweka juu yake karatasi laini isiyoshika gundi, unaigusisha pasi yenye joto la shavu, kugusisha tu, unaitoa. Gundi inalegea. Unaingiza chombo kwenye pembe, unaanza kuikunja selotepu kurudi nyuma, imelala kabisa juu ya mgongo wake yenyewe. Usiinyanyue kwenda juu! Mzee Lukasi alikuwa anasema, "Huvui soksi wewe. Unamfunua mtoto blanketi, na hutaki aamke." Ikikataa, unaacha, unarudisha joto. Ukiona nyuzi za karatasi zinanyanyuka kama manyoya ya kifaranga, umeshakosea, simama hapo hapo.

Chombo changu kilikuwa spoku ya baiskeli. Niliiponda ncha kwa nyundo mpaka ikawa bapa kama ulimi wa mjusi, nikaisugua kwenye jiwe isiwe na makali. Watu walileta visu vizuri vya dukani kutoka mjini kwao huko, mwishowe wakaniomba spoku. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mume wangu. Alikaa muda mrefu akilalamika kwamba gurudumu linacheza, na mimi nikamshauri aendeshe polepole.

Gundi inayobaki, ile inayonata, unaisugua na kidonge cha mpira mbichi, kwenda upande mmoja, taratibu, inajikusanya kama nta ya masikioni. Picha za kamera usizipelekee pasi. Risiti za siku hizi ndiyo kabisa, hizo zikisikia joto zinageuka nyeusi zote kama zimefiwa. Na penye wino wa kalamu ya kuchovya, jaribu kwanza na kipamba chenye unyevu pembeni kabisa, kwenye nukta isiyo na maana. Wino wa zamani ukiona maji unakimbia kama mbuzi aliyeona mvua.

Sasa uji. Ukishatoa selotepu karatasi inabaki na mpasuko, unaziba kwa nyuma na ukanda wa karatasi nyembamba na gundi ya unga wa ngano. Mzee Lukasi akaniambia mara ya kwanza, "Pika kama uji mwepesi, uchuje." Nikapika kama uji. Mimi mtoto wa Kinyaturu, nimelelewa, uji naujua. Nikatia sukari. Nikaonja, nikaongeza na ndimu.

Asubuhi tukakuta kitabu cha nyimbo cha kwaya kimejaa sisimizi kutoka wimbo wa kwanza mpaka mwisho, wamepanga mistari vizuri kuliko wanakwaya wenyewe. Mzee Lukasi akawatazama, akasema, "Angalau wao wanaimba sauti moja." Gundi haitiwi sukari. Andika hiyo.

Na kitu kingine cha kwetu, mafuta ya alizeti. Sisi watu wa Singida tuna imani na mafuta ya alizeti kupita kiasi. Bawaba inalia, alizeti. Kisigino kimepasuka, alizeti. Mkono umenata gundi, alizeti, na kweli inatoka. Basi mtu anakaa anafikiri, kama inatoa gundi mkononi, itatoa na kwenye karatasi. Anapaka. Karatasi inakunywa mafuta, inakuwa kama kioo cha dirisha, unasoma ukurasa wa pili kupitia wa kwanza. Na mafuta hayo hayatoki. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa cheti cha Baba Neema.

Baba Neema alikuwa mzee wa kutoka Mtinko, mrefu, mwenye kofia isiyovuliwa. Aliingia karakana na vitu viwili. Mkononi, cheti kilichofungwa kwenye kanga ya marehemu mkewe. Kwapani, jogoo.

"Mama Eliza ni nani hapa?"

"Ni mimi, shikamoo."

"Marahaba. Huyu ni wako." Akaniwekea jogoo mikononi. "Naitanguliza asante ili usije ukachana cheti changu na aibu ikuzuie kunidai."

Jogoo alikuwa mzito, mwekundu, na alinitazama kwa jicho moja kama mkaguzi. Kwetu mgeni akikupa kuku hai, umepewa. Haulizwi, harudishwi, ukimrudisha umemtukana mtu na boma lake. Nikamshukuru, nikamfunga mguu kwenye mguu wa meza, na kusema kweli akili yangu ilikuwa tayari kwenye vitunguu.

Baba Neema akafungua kanga. Cheti kilikuwa cha maonyesho ya mifugo ya zamani, kimechorwa jogoo wa rangi pale juu, kimeandikwa JOGOO BORA, na chini yake jina la mshindi. Jina la jogoo, siyo la mwenye jogoo. Aliitwa Mheshimiwa.

"Huyo aliyefungwa mezani ni kitukuu wake," akasema. "Anaitwa Naibu."

Nikaangalia cheti. Kulikuwa na selotepu nyingi kuliko cheti. Nikamuuliza kila moja imetoka wapi, maana lazima ujue umri.

"Hii ya pembeni niliweka mimi, mbuzi alipokula kona. Hii aliweka shemeji yangu, alikuwa ametoka kilabuni, ndiyo maana inaelekea Manyoni. Hii hapa sijui, nadhani watoto."

"Na hii ndefu ya katikati?"

Kidole chake kikasimama hapo. Hata Mzee Lukasi, aliyekuwa anashona kitabu kule pembeni, akasimamisha sindano.

"Hiyo ni ya Mama Neema," akasema. "Tuligombana. Alisema nampenda Mheshimiwa kuliko yeye. Mimi kwa hasira nikachukua cheti nikakichana katikati, nimwonyeshe kwamba si kweli. Nikatoka. Niliporudi nikakuta amekibandika, amekining'iniza palepale. Hakusema neno. Akanipakulia ugali." Akarekebisha kofia. "Maonyesho yanakuja, vijana wa kata wanataka kukitundika kwenye banda la kuku. Toa selotepu zote. Hiyo moja iache."

Sasa hapo ndipo palikuwa na kazi. Hiyo moja ndiyo ilikuwa inaua cheti. Ilikuwa imejikaza, inavuta karatasi pande zote mbili, mpasuko unaendelea kutambaa kuelekea kwenye kichwa cha Mheshimiwa. Na juu ya hayo mwenyewe alishajaribu kuilainisha kwa alizeti isizidi kujikaza, pembe moja ilikuwa inang'aa mafuta.

Nikamwambia, "Baba, ukiiacha hii, mvua nyingine ya masika Mheshimiwa hana shingo."

Akaikunja ile kanga, akaikunjua. Halafu akasema, "Basi itoe. Lakini nataka niondoke nayo. Nzima. Aliigusa yeye. Ukiikata vipande, Mama Eliza, cheti bakini nacho."

Nikasema, "Utaondoka nayo nzima." Nikaahidi hivyo mbele ya Mzee Lukasi, mbele ya jogoo.

Nikaanza na zile nyingine, kuzoea karatasi. Ya shemeji ilitoka kwa kupinda, kama ilivyoingia. Halafu nikaweka mkaa mpya, nikasubiri utulie, nikapima shavuni, nikaigusa ya Mama Neema. Pole, pole. Spoku ikaingia kwenye pembe. Nikaanza kukunja. Baba Neema alikuwa amesimama nyuma yangu, naisikia pumzi yake shingoni, ana harufu ya ugoro.

"Baba, rudi nyuma kidogo."

"Nimerudi."

Hakuwa amerudi. Nilikunja, nikarudisha joto, nikakunja, mgongo ukaniuma, nikakunja. Ikatoka. Nzima, ndefu, ya njano, haikuondoka na hata uzi mmoja wa karatasi. Nikailaza kwenye karatasi laini ukingoni mwa meza, nikanyoosha mgongo.

Ndipo nikaona. Mwisho wa mpasuko, kwenye gundi iliyobaki juu ya karatasi, palikuwa na alama ya dole gumba. Michirizi yote, safi kabisa, rangi ya asali. Mtu aliyebandika alikuwa amekandamiza hapo mwisho, kwa nguvu, kama unavyokandamiza unapotaka kitu kisiachie tena.

"Baba Neema," nikasema, "njoo uone."

Akainama. Mzee Lukasi akaja naye akainama. Tukainama watatu, vichwa vimegusana, tunatazama dole la Mama Neema.

Nyuma yetu kukasikika *kok*.

Tulipogeuka, Naibu alikuwa juu ya meza. Ile kamba yangu ilikuwa ya kipande cha kitambaa, na mimi ni mtu wa karatasi, siyo wa kamba. Selotepu ilikuwa inaning'inia mdomoni mwake, nusu ndani, nusu nje. Jogoo aliyelelewa Mtinko kwa mashudu ya alizeti, unamwekea mbele kitu kirefu kinachonukia alizeti, ulitegemea aombe dua kwanza?

"Mshike!" nikapiga kelele.

Tukamrukia wote. Mzee Lukasi akashika mkia wa hewa. Baba Neema akashika kiuno cha Mzee Lukasi. Mimi nikakilalia cheti kwa mwili wangu wote, ndilo jambo pekee la akili lililofanyika siku hiyo. Naibu akapanda kwenye kabati la vitabu, akainua shingo, akameza. Akajikung'uta. Akawika.

Nilikuwa nimeahidi. Nikajikaza. "Baba, bado iko kooni. Kisu kipo, maji yapo jikoni kwa jirani. Tukiharakisha inatoka, na inatoka nzima."

Mzee Lukasi akaongeza, "Na wewe utakula nasi."

Baba Neema akamshusha Naibu kabatini, akamkumbatia. Akamgusa gusa shingo. Nilimwona anapima, mkono mmoja kwenye koo la jogoo, macho kwenye dole lile la asali.

"Hapana," akasema mwishowe. "Asubuhi alikuwa kitoweo, Mama Eliza. Sasa ni kabati la mke wangu. Huwezi kuchinja kabati."

"Lakini utakosa utepe wako."

"Nimeukosa wapi? Ninaye hapa, ana joto." Halafu uso ukamharibika. "Ila nimeshakupa. Ni wako."

Ndiyo hapo. Kumchinja haiwezekani, kumrudisha ni tusi. Nikamtazama Mzee Lukasi. Akajikuna kidevu kwa kasha la sindano.

"Ninyi ni watu wa mifugo au siyo?" akasema. "Mtu mwenye ng'ombe wengi anafanyaje? Anawaweka kwa rafiki. Ng'ombe ni wake, anakaa kwa mwingine. Mama Eliza, mweke jogoo wako kwa Baba Neema."

Hiyo desturi mnaijua, au mngeijua kama mngewasikiliza wazee wenu badala ya simu. Aliyewekewa anachunga, anakunywa maziwa, anamletea mwenyewe habari. Ng'ombe akifa, anamletea ngozi, ili ijulikane kafa kweli, hakuuzwa mnadani. Kwa jogoo sikuwahi kusikia. Lakini tulisimama palepale, nikamkabidhi kwa mikono miwili, akampokea kwa mikono miwili, kama fahali.

Nikamalizia kazi. Nikaziba mpasuko kwa nyuma, gundi ya ngano, bila sukari. Nikasugua gundi iliyobaki kwa mpira mbichi, polepole, mpaka nilipofika kwenye dole. Mzee Lukasi alikuwa ananitazama. Gundi haiachwi juu ya karatasi, itashika vumbi, itapata weusi, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Nikakata kipande cha karatasi laini, nikakilaza juu ya dole, nikauweka mpira chini. Mzee akatia uzi kwenye sindano. Akarudi kushona.

Vitunguu nilikula na maharage.

Tangu hapo nilikuwa mtu mwenye jogoo Mtinko ambaye siwezi kumla. Baba Neema akija mjini lazima apite kunipa habari. "Mfugo wako hajambo. Amepigana na jogoo wa jirani, ameshinda kwa pointi." Kwenye maonyesho walikitundika cheti, na watu wakiuliza doa hilo la chini ni la nini, anajibu, "Huyo ni mke wangu," na wanasogea nyuma kidogo. Mzee Lukasi alifariki, karakana ikaenda kwa wengine, macho yangu yakaanza hayo mapacha, nikarudi nyumbani kupumzika. Habari za mfugo zikaendelea kunifuata.

Juzi juzi hapa nimekaa uani nachambua mchicha, namwona Baba Neema anaingia. Anatembea kwa fimbo siku hizi. Kanga ile ile mkononi. Kwapani hakuna kitu.

Nikajua.

"Karibu, Baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mama Eliza, mfugo wako umeanguka. Kwa uzee, siyo kwa ugonjwa. Alipanda kwenye dirisha kuwika, akawika nusu."

"Pole sana."

"Pole na wewe, ni wako." Akakaa kwenye kigoda. "Nimemzika. Sasa ngozi ya kuku haianikwi, nikasema nitapelekaje ushahidi kwa mwenyewe? Nimeleta hivi."

Akafungua kanga. Cheti kilekile, mpasuko umetulia, dole la asali lipo mahali pake. Na pembeni yake, kwenye nafasi iliyokuwa wazi, unyoya mmoja mrefu wa mkia, mwekundu unaoishia kijani. Umebandikwa. Kwa selotepu. Mpya, inang'aa, pana, ile ya kufungia maboksi.

Nilihisi ukucha unawasha, mimi mwenyewe, uzee huu. Selotepu mpya ni rahisi kutoa, haitaki hata joto la shavu. Pasi yangu ipo pale kwenye rafu, kijogoo chake mbele kimeshika kutu kidogo tu. Mkaa ulikuwepo. Baba Neema aliona natazama pasi.

"Nimekosea?" akauliza. "Ulinikataza selotepu. Nilikumbuka nikiwa nimeshabandika. Nikakandamiza sana ili isiachie. Utaitoa?"

Nikasogeza cheti kwenye mwanga, nikasubiri herufi zitulie. Mwisho wa selotepu, pale alipokandamiza, palikuwa na dole gumba. Kubwa, lenye kovu, na chembe ya ugoro ndani yake. Limekaa kando ya lile dogo la asali, yamekaribiana kama watu wawili kwenye benchi moja kanisani.

Nikamfungia kanga yake vizuri, nikamrudishia.

"Baba Neema," nikamwambia, "ungewahi kidogo. Mimi nimestaafu."